Watoto wa Malaba Waliokataa Chakula Changu

Jumamosi, Busia. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mabati yanapiga kelele, na nyumba nzima inanuka kitunguu kilichoungua.

Ukurasa wangu, leo nimeshindwa na watoto wawili.

Shule zimefungwa, na Akiru, kitinda mimba wangu, ameniletea wanawe, Imani na Joel, nikae nao. Wanakula chipsi. Wanakula soseji. Wanakula mkate, lakini ukatwe kingo kwanza. Basi. Jana niliwapikia kunde wakazisukuma pembeni mwa sahani kana kwamba nimewawekea nyasi za kufagilia ua. Leo nikasema, haya, mimi nami si wa zamani, nikafungua simu nikatafuta mapishi mapya: mayai ya kuoka, yenye mchicha, vitunguu na jibini. Nilihangaika nayo asubuhi nzima. Chini yakaungua, juu yakabaki maji.

Imani alichungulia sufuria, akainua kidevu, akasema kwa adabu zake zote, akiniita bibi kwa Kisamia, "Kukhu, tunashukuru, lakini tumeshiba."

Hawakuwa wameweka kitu mdomoni tangu jana jioni.

Nilicheka hadi nikatafuta kigoda nikae. Si kwa sababu ya mayai. Kile kidevu nakijua. Nilikiona mara ya kwanza katikati ya miaka ya sabini, Malaba, kwenye uso wa msichana mwingine wa umri uleule, mama mkubwa wa huyu, dada wa mama yake. Anaitwa Amoit. Na siku hizo mimi sikucheka hata kidogo.

Nilikuwa msichana wa Kisamia kutoka upande wa Sigalame. Watawa walikuwa wamenifundisha upishi, nikapata kazi ya jikoni katika bweni la wasichana hapa Busia. Nilijua kuoka keki ndani ya sufuria, mchanga moto chini na makaa juu ya kifuniko. Nilijua pilau. Nilijua kukaanga samaki asishike kwenye karai. Nilipoolewa na Etyang, nilienda Malaba na sanduku moja la nguo na kichwa kilichojaa mapishi, na sikuwa na wasiwasi wowote.

Etyang alikuwa Mteso wa Chakol. Alifanya kazi ya kuwatolea madereva mizigo kwa watu wa forodha, pale mpakani. Mpole, mrefu, mtu wa maneno machache. Mke wake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, kwa ugonjwa ulioanza kama homa ya kawaida. Alimwachia watoto watatu: Amoit, binti mkubwa, Ekisa, mvulana, na Akiru, ambaye alikuwa bado anavaa gauni na kusahau kulifunga nyuma. Tangu msiba walikuwa wakiishi Chakol kwa mama yake Etyang, bibi waliyemwita Tata. Tulipooana, wakarudishwa Malaba.

Nilidhani mtoto ni tumbo. Lijaze, atakupenda.

Jikoni kwetu palikuwa nje, kibanda cha mabati, na kutoka mlangoni uliweza kuona malori yamepanga foleni kwenda kwenye daraja. Siku ya kwanza nilinunua ngege kwa akina mama waliokuwa wakileta samaki kutoka Osieko. Nilimpika vizuri, nyanya na mchuzi mzito. Kwetu kichwa cha samaki ni heshima, kwa hiyo nilimpa Ekisa, mtoto wa kiume wa pekee.

Ekisa alikitazama. Kichwa nacho kikamtazama.

"Hiyo kitu inaniangalia," akasema.

Akachukua kifuniko cha sufuria, akafunika sahani yake polepole, kama mtu anayemfunika maiti, halafu akakaa mikono magotini kungoja tuinuke mezani. Akiru akaanza kulia. Amoit aliweka kijiko chake chini tu, na kijiko cha Amoit kikiwekwa chini, katika nyumba ile, chakula kimekwisha.

Hilo ndilo nililolijua baadaye kuliko nilivyopaswa. Mimi nilihangaika na viungo, na kumbe ningetazama kile kijiko.

Basi nikaanza kujaribu. Wanawake wa Uganda walikuwa wakivuka na matoke na karanga, wakirudi kwao na chumvi na sukari chini ya magauni yao ya gomesi. Nilinunua matoke, nikayafunga kwa majani ya mgomba, nikayapika hadi yakalainika kama siagi, nikamwagia mchuzi wa karanga. Ekisa alilamba karanga kwa kidole. Matoke akawapa kuku. Nikajaribu wali na maharagwe. Nikajaribu viazi vitamu vya kuponda na maziwa. Nikajaribu mayai, na nyama ya kusaga niliyoisaga kwa kisu hadi mkono ukaniuma. Etyang alikula kila kitu, tena akaongeza, na kila akiongeza ndivyo watoto walivyozidi kumtazama kama msaliti.

"Watakula tu," aliniambia. "Njaa haijui mke wa kwanza wala wa pili."

Keki walikula.

Siku hiyo nilifurahi hadi nikaimba. Walikula keki yote, Akiru akaokota na makombo. Halafu nilipotoka kumwaga maji nikamsikia Amoit nyuma ya jikoni akiwaambia wenzake, taratibu, kama mwalimu: "Keki si chakula. Hiyo tunaweza kula. Chakula ndio hapana."

Nilisimama na karai langu mkononi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuwa nikipimwa upishi. Watoto wale walikuwa na mkutano wao, na katika mkutano huo walikuwa wameamua kwamba kula chakula cha mwanamke huyu ni kusema kwamba yule mwingine hatarudi.

Sikumwambia Etyang. Ningemwambiaje?

Ekisa angalau alikuwa akiiba mihogo mibichi kwa jirani. Amoit alipewa chakula shuleni. Lakini Akiru alikuwa mdogo mno kwa siasa hizo. Alikuwa akiishi kwa chai na vipande vya muwa. Mikono yake ilianza kuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Alikuwa akikaa karibu na lango, akitazama barabara, akisema neno moja tu. "Toto. Toto."

Mimi Msamia, Kiteso sikujua. Nilisikia toto nikadhani anataka mtoto wa kuchezea. Nilichukua gauni langu la zamani, nikakata, nikashona mwanasesere, nikamjaza pamba, nikamtia macho ya vifungo. Nilimpelekea pale langoni nikiwa nimepiga magoti.

Akiru alimtazama mwanasesere, akanitazama mimi. Hakumpokea.

Amoit alikuwa akifagia. Hakuinua hata kichwa. "Toto ni mama," akasema. "Anauliza mama atarudi lini."

Nimeishi miaka mingi. Nimezika mume, nimezika ndugu. Sidhani kama kuna sentensi iliyowahi kunipiga pale iliponipiga ile.

Wiki hiyohiyo Tata akaja kutoka Chakol, amebeba kuku kwapani. Hakunisalimu vibaya. Alikaa, akanywa chai, akamwita Akiru, akamshika mkono wa juu kwa vidole viwili akaona vidole vinakutana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha.

"Mimi naona mtoto," akaniambia. "Mtoto nakonda. Wimbi ikivunwa, nakuja tena. Nikipata iko hivi, nachukua. Yeye na hii ingine yote."

Etyang akamwongezea chai. Ni mama yake. Na mimi nilijua kwamba akiwachukua, nyumba yetu haitapona. Mwanamume anayeishi bila watoto wake kwa sababu ya mke mpya, siku moja atamtazama yule mke mpya na kufanya hesabu.

Nikaacha mambo ya watawa. Nikasema, nitapika chakula chao chenyewe. Nilitafuta unga wa wimbi na muhogo, nikasonga atapa, ule ugali mweusi wa Kiteso, nikaukoroga hadi jasho likaingia machoni. Nikachemsha majani ya kunde kwa chumvi ya majivu. Nikaweka mezani. Ekisa alikata tonge, akalipeleka puani, na kwa mara ya kwanza nikaona mkono wake unasitasita si kwa kuchukia bali kwa kutamani. Akamtazama dada yake.

Amoit akaonja kidogo sana, kama anayeonja dawa.

"Si hiyo," akasema.

"Imekosa nini?"

"Sijui."

Alijua. Nilimuuliza Etyang, naye alijua kula tu, hakujua kilichomo. Wanawake wa jirani walikuwa Wabukusu na Waganda. Nikaambiwa nimuulize Tata. Siku ile sikuweza. Kumuuliza Tata ilikuwa ni kumpelekea watoto mwenyewe, miguu yao imeoshwa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, wimbi likikomaa shambani, wakati mpaka ulipofungwa.

Serikali mbili zilikuwa na maneno. Sisi watu wa Malaba tulisikia habari kwenye redio kama watu wengine, tofauti ni kwamba sisi tuliziona pia barabarani. Malori yalisimama. Foleni ikarudi nyuma, ikapita kanisa, ikapita kinu cha kusagia, ikaenda hadi hatukuiona mwisho. Madereva wakafua nguo zao na kuzianika kwenye vioo. Hakuna aliyejua kama ni kesho au mwezi ujao. Kazi ya Etyang ilisimama pamoja na malori hayo, lakini kila asubuhi alivaa shati lake jeupe akaenda kukaa na madereva wake.

Alasiri moja alirudi amemshika bega dereva mmoja, mzee mwembamba mwenye kofia ya viua, anatetemeka kwa malaria.

"Huyu ni Mzee Bakari wa Mombasa," Etyang akaniambia. "Utingo wake amekimbilia kwao Bungoma. Hawezi kulala ndani ya lori na hii homa."

Tulimtandikia kitanda kwenye chumba cha stoo. Mhudumu wa zahanati akaja akamdunga sindano, akasema dawa ipo lakini mtu huyu ale, asipokula dawa itamwangusha. Nikasema hilo ndilo pekee ninaloliweza duniani, kulisha watu.

Nilimpelekea supu ya kuku. Akanusa, akageuka ukutani. Nikampelekea wali, akala punje tatu. Ugali hata hakutaka kuuona. Uji wa mahindi, akauweka mdomoni akautoa.

"Usidhani nakudharau, mwanangu," akaniambia, sauti imekauka. "Si kiburi hicho. Tumbo limefunga mlango."

Nilitoka na bakuli limejaa, nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni, nikalia. Nyumba nzima imejaa watu wasiokula. Nilisema kwa Kisamia maneno ambayo watawa wasingeyapenda.

Sikujua kwamba Amoit alikuwa akitazama.

Sasa, jambo moja kuhusu Amoit. Alikuwa mkaidi, lakini alikuwa binti wa mama yake, na mama yake, kila mtu wa mtaa ule alikuwa akiniambia hata nisipouliza, hakuwahi kumwacha mgeni alale njaa. Madereva walimjua. Amoit angeweza kunitesa mimi hadi Krismasi. Lakini mgeni kugeuka ukutani na njaa katika nyumba ya mama yake, hilo lilikuwa jambo jingine.

Alisimama mbele ya mlango wa stoo, mikono kiunoni.

"Mzee, kwa nini huli?"

"Sina hamu, mama."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Basi utakufa," Amoit akamwambia, waziwazi hivyo. "Mama yetu alikataa kula. Alikuwa anasema hana hamu. Halafu akakufa."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mzee Bakari alifumbua macho akaniangalia mimi juu ya kichwa cha mtoto, na mimi nikamwangalia yeye.

Amoit akageuka. Akapita kando yangu bila kuniangalia, akaingia jikoni. Tangu nifike hakuwahi kukanyaga mle ndani. Nilimfuata, nikasimama mlangoni kama mgeni. Alipanda juu ya kigoda, akaingiza mkono nyuma ya boriti ya paa, akatoa kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na bonge la kitu cheusi, kikavu, kama udongo wa kinamasi.

Ukwaju.

Mama yake alikuwa ameuweka pale. Wakati wote nilipokuwa nikikoroga chini yake, ulikuwa juu ya kichwa changu.

"Unaloweka kwanza," akasema, akiwa bado amenipa mgongo. "Halafu hayo maji ndio unakorogea unga. Si maji matupu. Wewe unaweka maji matupu."

"Sikujua, Amoit."

"Sasa si nakuambia."

Tukaloweka. Nilichochea moto yeye akachuja. Atapa ingekuwa nzito kwa mzee, kwa hiyo tulikubaliana tupike uji wa wimbi, mwepesi, mgonjwa aweze kuumeza. Mimi nikasema tutie karanga zilizosagwa, ili apate nguvu. Akasema mama hakuwa anatia karanga kwenye uji. Nikasema mgonjwa huyu ni wa Mombasa, hatajua. Akafikiri. Kisha akaniletea karanga. Mpaka leo uji wa nyumba hii una karanga na ukwaju pamoja, na kwa kadiri ninavyojua hakuna Mteso wala Msamia mwingine anayeupika hivyo.

Tulipoingia stoo na bakuli, mzee aliinua kichwa kabla hatujafika kitandani.

"Huo ni ukwaju?"

"Ni ukwaju," nikasema.

"Ukwaju huku bara?" Akajikokota, akakaa. "Mama yangu alikuwa akinitilia ukwaju kwenye kila kitu."

"Mama yetu pia," Amoit akasema.

Akapokea kijiko. Cha kwanza alikimeza macho yamefumbwa. Cha pili. Tulikuwa tunamtazama kama watu wanaotazama mpira. Ndipo Akiru, ambaye alikuwa amenifuata akishika gauni langu bila mimi kujua, akaenda hadi ukingoni mwa kitanda, akafungua mdomo. Hakuomba. Alifungua tu mdomo, kama kifaranga wa ndege.

Mzee akamtilia kijiko.

Akameza. Akafungua tena.

Wakaendelea hivyo, kimoja cha mzee, kimoja cha mtoto, hadi bakuli likaisha. Ekisa akatokea mlangoni akauliza kama umebaki mwingine.

Siku zilizofuata stoo ile iligeuka chumba cha kulia. Mzee Bakari alikuwa mgonjwa anayechagua kuliko watoto wote watatu, na hilo ndilo lililotuponya. Akikataa kitu, Amoit alimgombeza, na ili amgombeze vizuri ilimbidi aonje mwenyewe kwanza. "Si mbaya hivyo, Mzee. Ona, mimi nimekula." Nilikuwa nikisikia kutoka jikoni nikiuma kitambaa nisicheke. Kwa njia hiyo Amoit alikula viazi vyangu, na wali, na matoke. Ekisa alikula kila kitu ila samaki, akisema atakula samaki siku atakapopatikana asiye na macho.

Siku moja mzee aliuliza maana ya majina yetu. Amoit akamwambia Akiru ni mvua kwa Kiteso.

"Na wewe mama yao?" akaniuliza.

Nikababaika kwa lile neno, watoto wakiwa pale pale. "Mimi ni Nafula," nikasema. "Kwetu ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua."

Amoit aligeuka akanitazama moja kwa moja, nadhani kwa mara ya kwanza. Jioni ile nilipoingia jikoni nilikuta amekwisha kuloweka ukwaju.

Mpaka ukafunguliwa. Honi zililia asubuhi nzima. Mzee Bakari akaondoka na lori lake, amevaa kofia yake, Akiru akikimbia nyuma hadi kwenye kona. Kabla wimbi halijamalizika kuvunwa alipita tena akielekea Kampala, akatushushia gunia la nazi. Wengi wetu hatukuwahi kuona nazi. Ekisa alidhani ni ya kuchezea mpira. Niliikwangua kwa kisu, nikakamua kama alivyonielekeza, nikapika kunde kwa tui. Jaribio la kwanza Ekisa alisema inanuka sabuni. Nikapunguza tui, nikaongeza nyanya. Jaribio la tatu ndilo lililokubaliwa, kwa kura.

Tata alifika siku hiyo ya jaribio la tatu.

Alikuja kama alivyoahidi, na begani alikuwa na shuka lililokunjwa. Nililijua shuka hilo ni la nini. Ni la kumbebea Akiru mgongoni.

Hakuna aliyekimbia. Amoit na mimi tulikuwa jikoni tukibishana kuhusu chumvi, naye akasimama mlangoni akatusikiliza kwa muda kabla hatujamwona. Tukamkaribisha. Tukamwekea atapa na zile kunde. Akakata tonge, akachovya, akatafuna taratibu, akaacha kutafuna.

"Hii maziwa," akauliza, "ni ya ng'ombe gani?"

Ekisa akakimbia akaleta nazi nzima, akamwekea mapajani. Tata akaitikisa sikioni. Maji yakalia ndani. Akaitikisa tena. Sijawahi kuona mtu mzima anashangaa vizuri namna ile.

Akamaliza sahani. Kisha akamwita Akiru, akamshika mkono wa juu kwa vidole viwili. Havikukutana. Akamnyanyua, akampima mikononi kama anayepima gunia, akamweka chini. Akamwambia Amoit maneno kwa Kiteso, marefu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema umezidisha chumvi," Amoit akajibu.

Yalikuwa maneno marefu kuliko hayo. Lakini Tata alikuwa tayari amekunjua lile shuka. Akaweka nazi mbili katikati, akafunga fundo, akajitwika begani, akaenda zake Chakol peke yake.

Etyang aliporudi kutoka kazini akawakuta watoto watatu uani, alisimama langoni akawahesabu. Halafu akauliza kama kuna chakula kimebaki.

Hayo yote nimeyapitia kichwani leo, mvua ikinyesha, nikisugua sufuria ya mayai. Etyang hayupo tena. Tata alitutoka zamani, amekula nazi nyingi. Mzee Bakari aliacha kupita mwaka mmoja, na hatukupata mtu wa kutuambia kwa nini. Ekisa ni mwalimu, ana watoto wakubwa, na bado samaki hali. Amoit hunipigia simu kila Jumapili kunigombeza kuhusu dawa zangu za presha, na mimi humwachia, kwa sababu najua gombezo lake lina maana gani.

Jioni mvua ilipopungua niliwasha moto nje, nikapika ule uji. Joel alikunywa vikombe viwili vidogo. Imani alionja, akakunja uso, akasema ni mchachu. Sikubishana. Nikamkatia mkate kingo.

Lakini alibaki amekaa karibu nami, akikoroga uji asiotaka kuunywa, akauliza tu, kama watoto wanavyouliza: "Kukhu, nani alikufundisha kupika hii?"

Na mimi, bila kufikiri, nikasema, "Mama ya mama yako."

Akanitazama. "Si mama ya mama yangu ni wewe?"

Nikasema ndiyo. Nikasema, tutaongea kesho, sasa nenda ukaoge.

Hakuna aliyemficha yule mama wa kwanza. Ni vile hawa wadogo hawakuwahi kuuliza, na Akiru mwenyewe hana sura ya mama yake kichwani, hata moja. Alikuwa mdogo mno. Picha haikuwahi kupigwa. Tukisema Mama katika familia hii, watu wote hugeuka kunitazama mimi, na mimi nimezoea, na nimependa, kwa nini niseme uongo.

Kesho tukitoka kanisani nitawapandisha gari hawa wawili twende Chakol. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya Tata, karibu na ua wa minyaa, huenda nyasi zimelifunika. Tutang'oa pamoja. Imani atauliza maswali, namjua, na mimi sijajua nitaanzia wapi, maana sikuwahi kumwona yule mwanamke hata siku moja.

Labda nianze na jina. Sijawahi kuliandika popote, hata hapa.

Aliitwa Apolot.